Bunduki ya upepo kwa kijana mlenga shabaha: Sheria kwanza, bei baadaye

MZAZI wa Kitengela anayetaka kumnunulia mwanawe bunduki ya upepo ya mashindano hukabiliwa na maswali mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni la mfuko: je, kuna bunduki ya bei nafuu inayoweza kumfikisha kijana uwanjani bila kuifilisi familia? La pili, ambalo wengi hulisahau, ni la sheria. Nchini Kenya chombo hicho hakihesabiwi kuwa kichezeo wala kifaa cha kawaida cha michezo kama mpira au raketi. Mbele ya sheria ni bunduki.

Maswali haya mawili hayatenganiki. Anayeanza na bei huenda akajikuta na chombo asichoruhusiwa kukaa nacho nyumbani, au asichoruhusiwa kukitumia mashindanoni. Anayeanza na sheria huelekezwa kwenye klabu, na ni katika klabu ambako mchezo huu huwa nafuu kwa kweli.

Mchezo wenyewe

Katika mashindano ya kimataifa, bunduki ya upepo hufyatuliwa mlengaji akiwa amesimama, umbali wa mita 10 kutoka kwa shabaha. Shabaha yote ina upana wa milimita 45.5, na alama ya 10 iliyo katikati ni kitone cha nusu milimita tu. Mshindani hufyatua risasi 60. Kabla ya mwaka 2018 wanawake walikuwa wakifyatua 40, lakini tangu mwaka huo idadi ni sawa kwa wote. Kwa kuwa alama huhesabiwa hadi sehemu ya kumi, risasi bora kabisa hupata 10.9 na jumla ya juu kabisa ni 654.

Mchezo huu uliingia katika Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles. Hauhitaji misuli mikubwa wala mwili mrefu. Unahitaji utulivu, pumzi iliyodhibitiwa na uvumilivu wa kurudia jambo lile lile mara elfu. Ndiyo maana vijana huweza kuwashinda watu wazima. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, dhahabu ya wanawake ilichukuliwa na Ban Hyo-jin wa Korea Kusini aliyekuwa na umri wa miaka 16, na ambaye alikuwa ameanza kulenga shabaha miaka 3 tu kabla ya hapo.

Kaunti ya Kajiado si ngeni kwa mashindano ya shabaha. Tangu mwaka 2012 vijana wa Kimaasai wamekuwa wakikutana Kimana, karibu na mbuga ya Amboseli, kwa michezo ijulikanayo kama Olimpiki ya Wamaasai. Michezo hiyo ilibuniwa ili morani wapate sifa kwa kukimbia, kuruka, kurusha mkuki na kurusha rungu badala ya kumuua simba. Jicho na mkono wa kulenga viko. Kinachokosekana kwa anayetaka kushindana kwa bunduki ni njia halali na ya gharama inayobebeka.

Inavyosema sheria

Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, inaihesabu bunduki ya upepo pamoja na bunduki nyingine. Hii ni tofauti na mataifa kadhaa ambako mtu mzima huweza kuingia dukani na kutoka nayo bila cheti. Kwa sababu hiyo, ushauri unaosomwa katika majarida ya ng'ambo hauwezi kufuatwa hapa ulivyo.

Anayetaka kumiliki bunduki ya upepo hana budi kupata cheti kutoka kwa Bodi ya Utoaji Leseni za Bunduki. Mwombaji huchunguzwa tabia, rekodi yake kwa polisi na uwezo wake wa kuitunza silaha, na hutakiwa kutoa sababu ya kutosha ya kuihitaji. Mtoto hawezi kupewa cheti hicho. Bunduki atakayoitumia itakuwa chini ya mtu mzima mwenye cheti, na hapaswi kuachiwa aitumie peke yake.

Serikali pia huweza kukaza kamba wakati wowote. Desemba 2018 iliamuru raia wote wenye bunduki wahakikiwe upya katika muda wa siku 90. Mzazi anayefikiria kuingia katika mchezo huu ajue kwamba anajitwika wajibu wa miaka mingi, na kwamba ununuzi ni mwanzo tu.

Kuagiza bunduki kupitia mtandao, au kumwomba ndugu aliye ng'ambo aje nayo katika sanduku la nguo, ni kujitafutia balaa. Uingizaji wa bunduki nchini huhitaji kibali kabla mzigo haujaondoka ulikotoka. Jina la kichezeo lililoandikwa kwenye kasha halitamwokoa mtu mbele ya maafisa wa forodha wala mahakamani.

Kuna kishawishi kingine kinachowahusu hasa wakazi wa Kitengela. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, kipimo kinachouzwa sana mjini humo, kina urefu wa mita 30 hivi. Mita 10 za mashindano zinaenea ndani yake, na mtu anaweza kudhani kwamba ukuta wa mawe unatosha kuwa uwanja wa mazoezi. Sivyo. Risasi ya bunduki ya upepo hupita mbali sana nje ya ua, hurudi nyuma inapogonga jiwe, na huweza kupofusha jicho au hata kuua. Mazoezi ya kufyatua yafanyike katika uwanja ulioidhinishwa, wenye kizuizi cha kunasa risasi na msimamizi.

Isitoshe, mji huo umepakana na maeneo ambayo wanyama wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi huyapitia. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda kwa ajili ya michezo. Bunduki ya mashindano haina kazi nyingine nje ya karatasi ya shabaha.

Aina tatu za bunduki

Baada ya kuyaelewa hayo, mzazi au klabu huweza kuanza kulinganisha bunduki zenyewe. Zipo aina tatu kuu, na zinatofautiana katika namna upepo unavyopatikana.

Ya kwanza ni ya springi. Mlengaji huukunja mtutu au huvuta mkono wa pembeni, springi ikajikaza, na anapofyatua springi hiyo husukuma upepo nyuma ya risasi. Ni rahisi, haihitaji pampu wala silinda, na hudumu miaka mingi. Kasoro yake ni mtikisiko. Springi inaporuka, bunduki nzima husogea kabla risasi haijatoka mtutuni, na kosa dogo la mkono hukua. Humfaa anayejifunza misingi, lakini anayetaka kushindana huipita upesi. Aidha, isifyatuliwe bila risasi ndani, kwani pistoni hujigonga na kuharibika.

Ya pili ni ya pampu ya pigo moja. Mkono wa bunduki hufunguliwa na kufungwa mara moja kwa kila risasi, na upepo wa pigo hilo ndio unaotumika. Haina mtikisiko wa springi, na nguvu yake haibadiliki sana kati ya risasi moja na nyingine. Mfano unaojulikana ni Daisy 753 ya Marekani, ambayo pamoja na dada yake 853 imewafunza vijana wengi wa nchi hiyo. Bunduki kongwe za Ujerumani, kama vile Feinwerkbau 601, hutumia mbinu hiyo hiyo na bado hulenga vyema zikitunzwa. Udhaifu wake ni kwamba mtoto mdogo huchoka kuipampu mara 60, na huweza kulazimika kubadilisha mkao baada ya kila risasi.

Ya tatu ni ya silinda ya upepo uliobanwa. Silinda hujazwa kwa pampu maalumu ya mkono au kutoka kwa mtungi mkubwa, mara nyingi hadi kiasi cha bar 200, kisha hufyatua risasi nyingi bila kuongezwa. Hii ndiyo inayotawala mashindano ya dunia. Crosman Challenger ya Marekani ni miongoni mwa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya vijana wanaoanza. Walther, Feinwerkbau na Anschütz za Ujerumani huunda zile za mabingwa.

Kuna pia zinazotumia gesi ya kaboni. Hizi hazifai sana mahali penye jua kali la mchana na baridi ya asubuhi kama nyanda za Kajiado, kwa kuwa nguvu ya gesi hiyo hupanda na kushuka pamoja na joto, na risasi hupanda na kushuka nayo.

Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani. Bunduki ya pampu ya pigo moja hushika upepo mchache kidogo hapo kuliko Mombasa. Kwa umbali wa mita 10 jambo hilo si tatizo, mradi kilengeo kirekebishwe pale mazoezi yanapofanyika na kiangaliwe tena kabla ya kushindana pwani.

Mitego ya dukani

Kanuni za kimataifa hukubali bunduki ya upepo yenye kipenyo cha milimita 4.5 pekee. Zile za milimita 5.5, ambazo ng'ambo hutumika sana kwa panya na ndege waharibifu, haziruhusiwi hata kama bei yake inavutia. Uzito wa bunduki pamoja na kilengeo usizidi kilo 5.5.

Darubini nayo hairuhusiwi. Mlengaji hutumia kilengeo cha tundu: jicho hupenya kitundu kidogo cha nyuma na kuiona shabaha ndani ya pete iliyo mbele ya mtutu. Bunduki nyingi za bei ya chini huuzwa zikiwa na darubini ya kupendeza na bila mahali pa kufungia kilengeo cha tundu. Anayeinunua hiyo hulazimika kununua nyingine.

Mtego mwingine ni mwendo wa risasi. Wauzaji hujivunia bunduki inayorusha risasi kwa kasi kupita sauti. Bunduki za mabingwa hurusha kwa takriban mita 170 kwa sekunde, yaani nusu tu ya mwendo wa sauti. Kasi kubwa huongeza mtikisiko na kelele, na risasi inayovuka mwendo wa sauti huyumba. Karatasi iliyo umbali wa mita 10 haihitaji nguvu, inahitaji usahihi.

Wanaonunua bunduki iliyotumika waangalie silinda kwanza. Silinda za bunduki za mashindano huandikwa tarehe, na watengenezaji huzipa muda wa miaka 10. Ikipita hapo, mlengaji huweza kukataliwa uwanjani, na kubwa zaidi ni hatari ya kupasuka. Bunduki nafuu yenye silinda iliyokwisha muda si nafuu tena, kwa kuwa silinda mpya huongeza gharama kubwa.

Impe mtoto inayomtosha

Kosa linalowapotezea vijana wengi alama ni kutumia bunduki ya mtu mzima. Kitako kirefu humlazimu mtoto kujipinda nyuma na kuinyoosha shingo ili alifikie tundu. Mkao huo ukishakuwa mazoea, kuuondoa huchukua muda mrefu kuliko kuujenga upya. Bunduki ya kijana iwe na kitako kinachoongezeka au kupungua urefu, na sehemu ya shavu inayopanda na kushuka. Hivyo mtoto wa miaka 12 na yule wa miaka 17 huweza kuitumia moja kwa zamu.

Kwa anayeanza, uzito wa kilo 3 hadi 3.5 unatosha. Kocha ampime kwa kumwacha aishike katika mkao wa kulenga kwa dakika moja, bila kufyatua. Akianza kutetemeka au kuegemea nyuma kupita kiasi, ni nzito kwake.

Jicho nalo lipimwe. Mtoto aunganishe viganja akiacha kitundu kidogo katikati, anyooshe mikono na kuangalia kitu kilicho mbali kupitia kitundu hicho, macho yote mawili yakiwa wazi. Kisha afumbe jicho moja baada ya jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo linalotawala. Mwenye jicho tawala la kushoto apewe kitako cha mkono wa kushoto au kile kinachokubali pande zote mbili.

Hesabu ya gharama

Ng'ambo, bunduki za vijana wanaoanza huuzwa kati ya dola 400 na 900 hivi, ilhali za mabingwa hupita dola 2,500 kwa urahisi. Dola moja ikiwa Sh130, bunduki ya dola 500 ni Sh65,000 na ya dola 3,000 ni Sh390,000. Hiyo ni kabla ya usafiri, ushuru, kibali na faida ya muuzaji mwenye leseni. Kwa bei ya bunduki moja ya bingwa, sita za wanaoanza hupatikana.

Chukua mfano wa klabu yenye vijana 12 inayonunua bunduki 3 za Sh65,000. Jumla ni Sh195,000, na kila familia huchangia Sh16,250. Vijana hufyatua kwa zamu, wanne kwa kila bunduki, na silaha hukaa ndani ya kabati moja la chuma chini ya mwenye cheti badala ya kutawanyika katika nyumba 12.

Gharama isiyotajwa dukani ni risasi. Za mashindano zina kichwa bapa kinachokata tundu safi karatasini, na huuzwa katika makopo ya 500. Kijana anayefyatua 60 mara mbili kwa wiki humaliza kopo moja kila mwezi. Kopo likiuzwa Sh1,950, mwaka mzima ni Sh23,400, na katika miaka 3 risasi zitakuwa zimegharimu Sh70,200, kupita bei ya bunduki yenyewe. Kwa hivyo mzazi mwenye Sh65,000 mkononi asizimalize zote kwenye chuma.

Mazoezi mengi hayahitaji risasi hata moja. Bunduki nyingi za mashindano zina kifaa cha kufyatulia bila kutoa upepo, na mabingwa hutumia muda mrefu wakilenga ukuta mtupu klabuni ili kuufunza mwili kutulia. Koti na suruali ngumu za walengaji nazo zinaweza kungoja hadi kijana athibitishe kwamba anaupenda mchezo.

Marekani imekwenda mbali zaidi. Katika mashindano ya vijana kuna daraja maalumu ambalo bunduki zake zimewekewa kikomo cha bei, ili mtoto wa tajiri asinunue ushindi. Klabu ya Kajiado inaweza kuiga kanuni hiyo kwa kuamua kwamba wanaoanza wote watatumia bunduki za aina moja.

Njia ya kufuata

Mzazi aanze kwa kutafuta klabu yenye uwanja uliokubaliwa kisheria, aombe kuonyeshwa vyeti, na amwache mtoto ajaribu kwa miezi kadhaa kabla ya kufikiria kununua chochote. Viwanja vinavyojulikana, kama vile Kirigiti katika Kaunti ya Kiambu na Bamburi huko Mombasa, viko mbali na Kitengela, na Kirigiti inafahamika zaidi kwa mashindano ya bastola. Wazazi waulize mapema kama kuna kocha wa bunduki ya upepo na saa za vijana.

Klabu nzuri hutambulika kwa nidhamu. Bunduki haielekezwi kwa mtu hata ikiwa tupu. Kijibendera huingizwa mtutuni kuonyesha kwamba hakuna risasi. Kila mtu huvaa miwani ya kukinga macho. Kwa kuwa risasi ni za madini ya risasi, ambayo ni sumu, watoto hawali uwanjani na hunawa mikono kwa sabuni wanapomaliza. Klabu isiyojali hayo isikabidhiwe mtoto, hata kama ada yake ni ndogo.

Wazazi wasidanganyike pia kuhusu nafasi zilizopo. Kulenga shabaha kwa bunduki hakumo katika michezo ya shule za sekondari nchini. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022 iliuacha nje mchezo huu kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1970. Hata hivyo, ungalipo katika Olimpiki, na vyuo vikuu vya Marekani vimekuwa na ubingwa wao wa bunduki tangu mwaka 1980, ambapo wavulana na wasichana hushindana pamoja.

Familia isiyoweza kupata cheti au kufika klabuni ina njia nyingine. Upinde wa mashindano haumo katika Sheria ya Bunduki, na Kenya imewahi kuwakilishwa nao katika Olimpiki: Shehzana Anwar, mlenga shabaha kwa upinde, ndiye aliyebeba bendera ya taifa katika ufunguzi wa michezo ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Utulivu, pumzi na jicho anavyojifunza kijana kwa upinde vitamfaa siku atakapopewa bunduki ya klabu.